Simu ya Mwalimu Asiyeona

Jumanne iliyopita, katika duka la kutengeneza simu hapa Ruring'u, nilimkuta mwalimu mstaafu aliyepoteza macho. Simu yake humsomea ujumbe kwa sauti na kumwambia nani anapiga. Lakini tundu la chaji lilikuwa limeharibika mara ya pili, kwa kulazimisha waya asiouona.

Fundi, mwanamke wa makamo, aliweka kwenye kaunta kisahani cheusi cha kuchaji bila waya.

"Weka simu hapa juu, Mwalimu."

Akaiweka. Kimya.

"Hii kava ya ngozi ni nene sana," fundi akasema, akaivua. Bado kimya. Simu ilikuwa imekaa pembeni kidogo, na kisahani huchaji tu simu ikikaa katikati kabisa.

"Basi hii ni ya watu wanaona," Mwalimu akasema, akapapasa fimbo yake aende.

"Ngoja kidogo, Mwalimu."

Fundi akabandika kisahani juu ya kipande cha ubao, akakizungushia kingo za kadibodi kwa gundi.

"Sasa sukuma simu mpaka ikatae kuenda."

Akasukuma. Simu ikatetemeka, ikatangaza kwamba inachaji. Mwalimu akarudia mara tatu, akicheka peke yake.

Nasikia huko mbele simu zitachajiwa hata zikiwa mfukoni. Huenda. Kwa sasa, wataalamu wa ng'ambo waliounda kisahani wamemaliziwa kazi na kadibodi ya Ruring'u, na fundi yule namvulia kofia.

"Na stima ikipotea usiku?" nikauliza.

"Hapo," Mwalimu akanijibu, "mimi na wewe tutakuwa sawa."