Sukari ya Mwenye Nyumba

Barua ya shule ilikuja na mjukuu wangu, imekunjwa ndani ya kiatu cha michezo. Nadhani hakutaka tuione. Walitaka mtu mzima mmoja kutoka kila nyumba inayoweza, wa kusindikiza darasa kwenda kutazama nyumba ya kale huko mashambani, nje ya London, nyumba iliyozungukwa na maji. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Binti yangu alikuwa anahudumia wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, ruhusa haipati. Nikasema nitakwenda mimi, kwa sababu ofisi zangu nilikuwa nazisafisha alfajiri, saa mbili nimesharudi nyumbani, Thornton Heath.

Mtoto akainamia kucha zake. Alikuwa na miaka tisa, na jambo asilolipenda hasemi, anakwaruza kucha tu.

Nikajiandaa kama mtu anayekwenda kwa watu. Nikafua kanga, nikapiga pasi, nikanunua sukari kilo mbili na pakiti kubwa ya majani ya chai, nikatia vyote kwenye kikapu cha ukindu nilichokuja nacho kutoka Tanga. Kwa mtu huendi mikono mitupu, hata kama mwenyewe ana ng'ombe mia.

Binti yangu akacheka. "Mama, ile nyumba ni ya kutazama tu. Watu wanakata tiketi."

"Ina mlango, haina mlango?"

"Ina mlango."

"Basi ina mwenyewe."

Asubuhi, wakati tunapanda basi la safari, mtoto mmoja wa Kizungu mwenye nywele za kusuka alimwuliza mjukuu wangu yule mwenye kanga ni nani. Mjukuu wangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni jirani, huwa anamsaidia mama. Kiingereza changu ni cha ndoo na dekio, lakini neno jirani nalijua. Nikakaa siti ya mbele, nikatazama dirishani mpaka London ikaisha.

Mtoto huyu nilimbeba kwenye theluji hadi hospitali, pumu imembana, mabasi hayatembei. Leo mimi jirani. Sikumlaumu sana, lakini niliweka nadhiri palepale kitini: akinikana mpaka jioni, shuleni kwake sikanyagi tena. Atasindikizwa na mama yake, au asisindikizwe.

Tukafika. Nyumba ya mawe na mbao, imekaa katikati ya maji kama kuku anayeatamia. Maji ya kijani, bata juu yake, na daraja moja la kuvukia. Mwalimu akaeleza kwamba watu wa zamani walichimba handaki pande zote nne wakalijaza maji ili adui asiingie. Kisha akatuonyesha kijumba kilichoning'inia ukutani, juu ya maji yaleyale. Choo. Tundu tupu, kila kitu kinadondoka chini, na samaki wa kula walikuwa wanavua humohumo. Watoto wakapiga kelele za kinyaa na furaha. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa ncha ya kanga. Miaka yote hiyo watu wa nchi hii wananiuliza kama kwetu kuna vyoo.

Mlangoni nikapiga hodi, mara tatu, nikasubiri. Mlango ulikuwa wazi, ila sikuzoea kuingia kwa watu bila kukaribishwa. Watoto wakacheka. Mjukuu wangu akajificha nyuma ya mwenzake mnene.

Ukumbini alikuwepo mama wa Kizungu, mzee kama mimi, miwani imefungwa kamba shingoni, amekaa kitini analinda vitu. Nikamsalimu, nikampa kikapu kwa mikono miwili. Akarudisha mikono yake nyuma. Akachungulia ndani, akaniambia polepole na kwa sauti, kama anaongea nami kutoka ng'ambo ya mto, kwamba chakula hakiruhusiwi. Nikatafuta Kiingereza cha kumweleza, sikukipata. Darasa zima linatutazama. Kikapu kiko hewani, mikono imeanza kuniuma.

Mjukuu wangu sikumwita. Nadhiri yangu ilitaka aje mwenyewe.

Nikamwona anakwaruza kucha. Halafu akatoka kwenye mstari, akaja kusimama karibu yangu.

"Si chakula cha kula hapa," akamwambia yule mama kwa Kiingereza. "Ni cha mwenye nyumba. Huyu ni bibi yangu. Kwetu hatuendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu."

Kwetu, anasema mtoto aliyezaliwa Croydon, hapahapa London, ambaye Tanga hajakanyaga.

Yule wa nywele za kusuka akadakia, "Si ulisema ni jirani?"

"Nilisema uongo. Sasa nyamaza."

Mama wa ukumbini akavua miwani, akatutazama sote wawili. Akasema mwenye nyumba yupo kweli, ni mjane, anaishi vyumba vya juu. Akapokea kikapu, akapotelea nacho kwenye kimlango cha pembeni.

Tukazungushwa. Niliona vitanda vifupi, na jiko la kuchomea ng'ombe mzima, na sakafu ya mbao iliyosuguliwa nta mpaka inang'aa. Nilipiga magoti nikaishika, maana kazi ya mwenzio huipimi kwa macho. Mjukuu wangu alinitafsiria kila chumba, mengine nikidhani anabuni.

Tulipokuwa tunatoka, yule mama akatukimbilia darajani. Kikapu kimejaa matufaha, na juu yake karatasi yenye mwandiko unaotetemeka.

"Mwenye nyumba anasemaje?"

"Anasema wageni wanaingia nyumbani kwake kila siku tangu aolewe," mjukuu wangu akasoma, "na hakuna aliyewahi kumletea sukari. Anasema asante, bibi."

Nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru na mzee yule nisiyemwona, aliyelelewa akajua kwamba chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Na mama wa miwani, aliyeivunja sheria yake kwa ajili ya mtoto.

Kwenye basi mjukuu wangu alikuja kukaa na mimi. Akakipakata kikapu, kisha akapita nacho siti hadi siti akigawa matufaha. Yalikuwa machachu, na watoto wakayala hivyohivyo, wanakunja nyuso. Yule wa nywele za kusuka akamaliza lake, akanyoosha mkono tena.

"Muulize bibi yangu," mjukuu wangu akamwambia. "Ni ya kwake."

Mtoto wa watu akaja mpaka mbele, akaniomba kwa adabu. Nikamchagulia mawili makubwa.