Kofia ya Kina Mahfudha

Mimi Rufaida sitaki kuambiwa nitulie. Nimeambiwa na ndugu zangu, nimeambiwa na imamu, na juzi nimeambiwa hata na muuza viazi karai. Wote nimewajibu vilevile: aliyeporwa ni wifi yangu, na mdomo ni wangu.

Wifi yangu ni Mahfudha, mjane wa kaka yangu Msellem, mshonaji kofia hapa Malindi mjini. Kofia za mkono, nasema, si hizo takataka zilizojaa sokoni. Alifunzwa na mamake huko Mambrui akiwa bado msichana wa chuo cha Kurani. Hukaa uani juu ya mkeka na kitambaa cheupe cha tabaka mbili, akatoboa vitundu kwa sindano, na kila kitundu akakizungushia uzi mpaka ua litokee. Kofia moja yaweza kumla miezi. Macho yamemwisha kwa kazi hiyo, nayo ndiyo iliyomlelea bintiye Hafswa tangu Msellem atangulie mbele ya haki.

Alikuwa na nakshi moja asiyoiuza: asumini zilizofumba, zimeizunguka nyota. Mamake ndiye aliyemshonea Msellem kofia ya nakshi hiyo alipokuja kuoa. Nyumba ya kina Mahfudha ilikuwa na desturi hiyo. Mwanamume anayeoa kwao huivaa siku ya nikaha, na Ijumaa zote baadaye watu wakamwona msikitini wakajua huyu ni mkwe wa kina nani. Watu walikuja na pesa zao, Wazungu kwa Waswahili, akawaambia kwa upole hiyo hapana, chagueni nyingine. Basi Hafswa alipoposwa na Ridhwan, Mahfudha akaanza kumshonea mkwewe. Hakuwa na mali ya kumpa bintiye aende nayo. Alikuwa na nakshi ile tu.

Sasa sikilizeni uovu ulivyoingia. Nina mwana wa dada yangu, Shukri, mfanyabiashara. Nusu ya mwaka yuko China, ananunua shehena, nusu yuko hapa anatuuzia. Ijumaa moja alikuja kutuamkia, kichwa wazi, na adhana ikatoka yuko palepale uani. Haya, niambieni nyinyi, mgeni wako aende kuswali Ijumaa kichwa wazi na kofia ya marehemu iko kabatini? Haiwi! Kwetu hiyo ni aibu ya mwenye nyumba. Mahfudha akaitoa ile ya Msellem, akamvika kwa mkono wake. Ikarudi baada ya siku chache, imefuliwa, imetiwa dondo ikakakamaa, na salamu nyingi juu. Nani angeshuku?

Harusi ilikuwa imekaribia nilipokwenda sokoni kutafuta udi. Nikamwona kijana wa bodaboda, kofia kichwani, asumini na nyota. Nikasema macho yangu haya. Nikamwona wa pili. Mbele kidogo nikaona rundo zima limemwagwa juu ya turubai, mwenyewe anaita wateja kama anauza nyanya. Nikamuuliza amezitoa wapi, akasema ni mzigo wa Shukri.

Nikachukua moja mpaka dukani kwa Shukri.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema, meno yote nje.

"Marahaba ya nini! Hii ni nini?"

"Ah, umeziona? Hizo haziketi. Hata Mombasa wananiagiza, hata Unguja."

"Nakshi ya nani hii, Shukri?"

Akainama kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Mama mdogo, nilipiga picha tu. Kule kiwandani wakaitia kwenye mashine, siku moja zinatoka maelfu. Dunia sasa ni soko moja. Nisingefanya mimi, angefanya mwingine."

"Huyo mwingine hakuvikwa kofia ya mjomba wake! Mbona hukumwomba mkaza mjomba wako?"

"Ningemwomba angekataa."

Siku hiyo nzima kweli aliisema hapo tu. Kisha, bila haya, akanijazia mfuko. "Mpelekee, mwambie ni zawadi." Nikaumwaga mfuko ule barabarani mbele ya wateja wake, na tuktuk ikapita juu.

Nilimburura Mahfudha mpaka ofisi ya biashara. Tukamkuta binti mmoja, Charity, mpole, akatupa viti. Akauliza, nakshi mliisajili? Mahfudha akamtazama. "Mwanangu, hii ni ya mama yangu. Niisajili kwa nani?" Binti akasema kwa masikitiko kwamba bila usajili hana la kufanya, na kwamba mzigo ule uliingia bandarini kihalali, ushuru umelipwa. Nikaona basi, kumbe ndivyo. Serikali nayo imeshakula fungu lake, itamkemea nani? Wakubwa wanatuambia tufungue milango, dunia iingie. Imeingia. Wale wanawake wa Mambrui waliokuwa wakishona na Mahfudha wameweka sindano chini wote, mmoja anauza barafu, mmoja anafua nguo katika nyumba za Wataliano. Haya, endeleeni kufungua!

Nilidhani Mahfudha angeacha. Hakuacha. "Ya mkono ni ya mkono, wifi," akaniambia. "Mwenye macho ataijua." Akaimaliza. Nimeona kofia maishani mwangu, lakini ile ilikuwa imetulia, kila kitundu kimekaa mahali pake. Nikaibeba mimi mwenyewe juu ya sinia, pamoja na kanzu, mpaka kwao Ridhwan, na wanawake wetu nyuma wakipiga vigelegele.

Mamake Ridhwan akafunua sinia mbele ya wageni wake. Vigelegele vikakatika. Mmoja akacheka ndani ya buibui yake, akasema, "Si zile za kina bodaboda hizi?"

Nikaipindua kofia, nikawaonyesha ndani. "Tazameni uzi! Tazameni fundo! Mashine yafanya hivi?"

Hakuna aliyesogea kutazama. Mamake Ridhwan akanishika bega, tena kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonichoma. "Da Rufaida, nakuamini. Lakini msikitini nani atampindulia mwanangu kofia aangalie ndani? Watu watasema tumemwozesha kijana wetu kwa kofia ya barabarani." Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akanirudishia. Ridhwan akafunga ndoa na kofia iliyotoka Omani.

Nikarudi nayo. Njia nzima nilikuwa nikitafuta uongo wa kusema, nisiupate. Mahfudha akauona mfuko mkononi mwangu kabla sijafungua kinywa. Akaupokea, akaingia nao chumbani, akatoka akaniuliza kama nimekula. Kofia ile sijaiona tena, wala sijathubutu kuiulizia.

Hakushona tena. Miezi miwili mitatu ikapita, na mtu lazima ale. Shukri akamwekea meza ya kuuzia kofia zake mbele ya duka, ati anamsaidia mkaza mjomba. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mahfudha akanisikiliza, akavaa buibui, akaenda.

Jana nilipita pale nikijifanya naenda kununua mafuta ya nazi. Mama mmoja mgeni, msafi, mwenye adabu, alikuwa ameishika kofia ya asumini na nyota, anaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mashallah, nakshi nzuri hii," akasema. "Nani aliyeibuni, mama?"

Mahfudha alikuwa akitafuta chenji katika mkoba. Hakuinua uso.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Zaja tu na meli."