Mkuki kwa Ajili ya Theluji

Mpaka leo nikiona ukutani hotelini picha ya mtu aliyevaa shuka jekundu na kushika mkuki, nageuza kiti niipe mgongo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na studio ya picha Karatu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua. Nilipiga maharusi na watoto waliopakwa poda. Mzungu mmoja, mpiga picha kutoka nchi ya theluji, kaskazini kabisa, alikuwa akija kila kiangazi kupiga picha wanyama wa kreta, lile bonde la volkano lililo karibu nasi, na alikuwa akipita kwangu kuzungumzia kazi. Juni moja, kabla hajaelekea Serengeti, akaniambia, "Januari njoo kwetu. Tutapiga picha ya baridi pamoja." Tiketi angeleta yeye.

Nililiamini neno lile, pamoja. Nilitaka kitu kimoja tu: kuipiga theluji kwa mkono wangu, kwa kamera yangu, kisha nitundike picha yake pale studio, mahali pa lile pazia la maua.

Nikaanza mazoezi. Julai alfajiri nilidandia malori ya mboga za hotelini mpaka juu ukingoni mwa kreta, kwenye ukungu na nyasi zilizokakamaa kwa umande ulioganda. Nikajifunza kwamba kamera ilale ndani ya koti, tumboni, na kwamba ukiiingiza ghafla jikoni penye moto, lenzi inatoka jasho. Mke wangu akaishonea mfuko wa ngozi ya kondoo, manyoya ndani. Majirani wakaniita Bwana Theluji, nami nikaitika.

Agosti yule mgeni akarudi ili tupange safari. Akafungua begi juu ya meza yangu: shuka jekundu, shanga, viatu vya katambuga, na mkuki wa vipande viwili vya kuunganisha, ule wanaouziwa watalii. Kisha akachora kwenye karatasi uwanja mtupu wa theluji, mti mmoja, na mtu amesimama kwa mguu mmoja.

"Huyu wewe," akasema.

"Mimi si Mmasai. Mimi Mmbulu. Kwetu, kule Mbulumbulu, tunalima ngano."

"Hakuna shida, rafiki. Kwetu hakuna mtu anajua."

"Na kamera yangu?"

Akacheka kwa upole. "Kamera nashika mimi. Wewe utasikia baridi sana."

Heri ningepata hasira. Nilichopata ni kinyaa, kama nimemeza maziwa yaliyoharibika. Miaka yote ile alikuwa ameketi kwenye kiti changu, akizisifu picha zangu, kumbe alikuwa akiitazama miguu yangu mirefu.

Nikamwambia siendi. Hakuelewa. Basi nikaona nimwonjeshe.

"Hebu vaa wewe kwanza," nikasema.

Nikamfunga shuka begani, nikamvika shanga, nikamshikisha mkuki wake, nikamsimamisha kwa mguu mmoja mbele ya pazia langu la maua, nikampiga picha. Mguu wake mweupe ulikuwa ukiyumba. Nilitaka aone haya, walau kidogo, anipe sababu ya kuendelea kumheshimu.

Akafurahi kama mtoto siku ya Krismasi. Akauliza kama mguu umekaa sawa. Akaomba nakala mbili, moja ya mama yake.

Nikamsafishia picha zake. Zilitoka nzuri sana, na hilo ndilo linalonichefua zaidi.