Mzunguko Mmoja Kabla ya Kutua

Jumamosi iliyopita, kwenye dirisha la vifurushi pale stesheni ya Itigi, mstaafu mmoja wa reli alifungua boksi lake mbele yetu akatoa ndege ndogo ya rimoti, yenye bawa juu na bawa chini.

"Shikamoo babu. Si ungenunua droni?" akauliza dada wa dirishani. "Ile inatulia hewani yenyewe."

"Marahaba. Ndiyo maana sikuitaka."

Akaunga mabawa, akafunga betri, akaiinua kwa vidole viwili, kimoja kila upande chini ya bawa la juu. Mkia ukashuka. Akatoa nta ya nyuki mfukoni, akabandika donge puani mwa ndege, akapima tena mpaka ikatulia sawa. Nikamfuata hadi uwanja wa zamani wa ndege, ambao siku hizi umebaki majani matupu.

Ikapaa, ikabinuka mara mbili. Rimoti ikaanza kulia kwamba betri inakwisha.

"Mzee, itue!" nikapiga kelele.

"Bado." Akaizungusha taratibu juu ya uwanja.

"Unasubiri nini?"

"Watoe ng'ombe."

Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini utotoni mwetu ndege ya madaktari ilikuwa ikizunguka uwanja huu kwanza mara moja, sisi watoto tukikimbia na fimbo kutimua mifugo, ndipo itue.

Wenye akili watauliza kwa nini mtu ahatarishe ndege yake kwa ajili ya ng'ombe wasiokuwepo. Ilipogusa majani, mimi mwenyewe, na mvi zangu zote, nilikuwa katikati ya uwanja nimeshika fimbo.