Mfalme wa Betri

Enzi zetu pale Kaloleni, Voi, kila mtoto mwenye akili timamu alijua kwamba ukifungwa mfalme kwenye chesi mara tatu kwa siku moja, jina lako linapelekwa kwa mwalimu mkuu, na Jumatatu inayofuata unarudishwa darasa la kwanza. Haijalishi uko la pili au la saba. Unabeba dawati lako kichwani, unapita mbele ya shule nzima, unaenda kuketi na watoto wasio na meno ya mbele, na mnaanza pamoja a, e, i, o, u. Mimi niliamini jambo hilo kuliko nilivyoamini kwamba Mombasa ipo. Mombasa sikuwa nimeiona. Lakini aliyerudishwa nilimwona kwa macho yangu mawili: jamaa wa darasa la sita, mrefu kama nguzo ya simu, ameketi katikati ya wadogo wa la kwanza, magoti yamepita masikio. Baadaye sana nilikuja kufahamu kwamba alitumwa kuwanyamazisha kwa sababu mwalimu wao alikuwa na homa. Siku ile sikuuliza. Ningeulizaje, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshafungwa mara mbili?

Mleta habari alikuwa Wakio, binti ya shangazi yangu, aliyekuwa akiishi kwetu. Alinizidi miaka miwili na maneno kama elfu kumi. Wakio akisema jambo, lilikuwa limeshapitishwa bungeni.

Na ninyi mliozaliwa juzi msinikatize mkisema enzi zetu hatukuwa na chesi, tulikuwa na matairi ya kusukuma tu. Matairi tulisukuma, ndiyo. Langu lilikuwa la trekta na nililiendesha mpaka karibu na Mwatate, ng'ombe wakinipisha. Lakini chesi pia tulikuwa nayo. Baba alifua mashuka katika loji moja ndani ya mbuga, na mgeni mmoja alipoondoka aliacha chini ya kitanda sanduku la chesi ambalo hakuna aliyelirudia. Baba akaruhusiwa kuja nalo. Tulipolifungua tulikuta vipande kumi na tisa badala ya thelathini na viwili. Farasi walikuwa wamechubuka nyuso mpaka wakafanana na punda, tukawaita punda, na kwangu ni punda mpaka leo. Mfalme mweusi hakuwepo kabisa. Nafasi zilizobaki tulizijaza wenyewe: plagi ya pikipiki ikawa ngome, vifuniko vya soda vikawa askari, na mfalme mweusi akawa betri kuukuu ya tochi, nzito, yenye kutu kichwani kama taji.

Sheria hakuna aliyezijua. Alichokuwa ameona baba ni wageni wawili wakikaa kimya masaa mawili, halafu wakapeana mikono kama watu waliotoka mazikoni. Basi Wakio akatunga sheria. Malkia anakwenda popote anapotaka, alisema, kwa sababu mama ndiye anayekwenda sokoni, kanisani na kwa majirani, na baba anapiga hatua moja tu kisha anatafuta kiti. Nimekuja kuambiwa kwamba hiyo ndiyo sheria dunia nzima, na wala sikushangaa.

Nyingine zilikuwa zetu wenyewe. Hukuanza na jeshi zima. Ulianza na mfalme na vifuniko viwili vya soda. Vipande vingine vyote vilikaa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Ukishinda raundi, unafumba macho, unatia mkono koponi, na unachotoa ni chako. Unaweza kutoa malkia. Unaweza kutoa bano, ile gololi ya kioo, unaipiga kwa kidole na chochote itakachokigonga kimekufa. Unaweza pia kutoa mfupa wa kuku, na huo ni mkosi: lazima uuweke ubaoni, hautembei, unakuzibia njia tu. Upepo wa Voi mnaujua. Ukiangusha kipande, kimekufa kihalali. Kuku mzima akikatiza ubaoni, alivyovikanyaga vimekufa. Na mfalme wako akifungwa, kila ulichochuma, malkia, punda, plagi, kinarudi koponi, na wewe unaanza tena na vifuniko vyako viwili.

Ubao tuliuchora kwa mkaa kwenye saruji nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua la saa nane lingeweza kukaanga yai, na nimewahi kuapa mbele ya watu kwamba lililikaanga. Magoti yetu yalikuwa meusi kwa mkaa na mekundu kwa vumbi. Maharagwe yalichemka tangu asubuhi na harufu yake ilitujia pale tulipo, tukacheza tukimeza mate. Treni ya mizigo ikipita, saruji inatetemeka na vipande vinatembea vyenyewe, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

"Punda wako amesogea. Mrudishe."

"Ni treni."

"Treni ni upepo? Mrudishe, mwizi wewe."

Mama akipita na sufuria alitutazama akatikisa kichwa. "Huyo mfalme wenu," alizoea kusema, "atawapikia?" Nyanya kule Wusi, tulipompelekea mchezo wakati wa likizo, hakutukaripia. Alitupakulia kimanga cha moto, mihogo na maharagwe ya kupondwa, kwenye sahani moja, akakaa na blanketi lake begani kwa ile baridi ya milimani, akatazama raundi mbili nzima, akauliza kwa nini askari hawarudi nyuma. Wakio akamwambia ndiyo sheria. Nyanya akasema basi hao askari ni wajinga. Tukakubaliana kwamba nyumbani kwa Nyanya, askari wanarudi.

Kufungwa mara mbili kwa siku nilikuwa nimezoea. Mara ya tatu ilikuwa haijawahi kunipata, kwa sababu kila nikifika mbili, Wakio ananiinulia vidole viwili, na mimi naondoka ubaoni mwenyewe, mpole kama mwanakondoo. Mpaka ile likizo ya Desemba, nilipomaliza darasa la saba. Asubuhi nilikuwa na malkia, punda wawili na bano. Sijawahi kuwa tajiri hivyo tena. Kufikia saa sita nilikuwa nimefungwa mara mbili, sina kitu. Wakio akainua vidole. Mimi nikapanga vifuniko vyangu. Raundi ya tatu haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa. Alinitazama, akainua kidole cha tatu.

Mwezi huo huo baba akapoteza kazi. Wakio akarudi kwao, na sisi tukahamia Mboghoni, upande wa Taveta, kwa baba mdogo, kulima vitunguu na ndizi kwa maji ya mfereji. Muhula wa kwanza ulipita nikifungulia maji mashambani. Muhula wa pili baba akasema nafasi ya darasa la nane imepatikana, nijiandae. Nikasema sitaki shule. Kwa nini? Sitaki tu. Alinichapa, akanibembeleza, akaniletea mchungaji. Sikusema. Ningesema nini, kwamba najua dawati linaningoja nilibebe kichwani? Na shule mpya isingenisaidia, maana Wakio alishasema barua inamfuata mtoto popote aendapo. Niliona afadhali niitwe mkaidi. Mkaidi nikawa, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii kuliko zote nilizowahi kupewa.

Utasema mtu akikua akili inakuja. Inakuja kweli, lakini mambo uliyoyaamini ukiwa na miaka kumi haiyagusi. Hayo yanakaa chini ya kitanda na akili haifagii huko. Tena nilipomsikia mtu akitaja shule ya watu wazima aliita gumbaru, na gumbaru nilivyoelewa mimi ni mzee mzima kushika chaki na kuchora herufi a. Nikaona basi, ni lile lile la Wakio, wamelibadilisha jina tu.

Sasa miaka michache iliyopita, nikiwa nimerudi hapa Voi kuuza vitunguu, mpwa wangu Kawasi, mtoto wa dada yangu, alinikuta kibandani na simu mkononi. Alikuwa kidato cha tatu, umri ule wa kujua kila kitu.

"Anko, hii huiwezi," akasema. "Ni chesi lakini si ile ya kawaida. Unaanza na mfalme na askari wawili. Ukishinda unachagua zawadi, labda farasi wa kuruka mara mbili, labda ngome inayopenya ukuta. Adui pia wanaongezwa. Ukifa, kila kitu kimeenda, unaanza mwanzo."

Nikamwuliza kama kuna bano.

"Bano ni nini?"

Nilicheka mpaka gunia la vitunguu likaanguka. Watu wa ng'ambo wamekaa na kompyuta zao, wamekusanya wahandisi kama jeshi, na mwishowe wakatengeneza mchezo wa Wakio. Kawasi akanieleza kwamba michezo ya namna hiyo inaitwa roguelike na ni kitu kipya. Kitu kipya. Nikamwambia kitu hicho kipya tulikicheza juu ya saruji, kuku akiwa refarii.

"Haya, cheza tuone," akasema.

Nikacheza. Nikafa kwenye ubao wa tatu. Nikacheza tena, nikafa wa pili. Kuna mbao kumi na mbili mle, na kwa miezi miwili nilikufa kama mara mia nne, nikipunguza chumvi. Kila mara skrini inakuwa nyeusi, inakuambia mfalme wako ameanguka, kisha inakuuliza kama unaanza upya. Nami nabonyeza ndiyo, kabla hata haijamaliza kuuliza.

"Anko," Kawasi akasema siku moja, akitafuna mabuyu, "wewe huchoki kurudi mwanzo?"

Alikuwa akitania. Mimi nilibaki na simu mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake la ubatizo barabarani. Nimerudi mwanzo mara mia nne kwa ajili ya mfalme wa kwenye kioo asiyenijua, na mwanzo wangu mwenyewe, huo mmoja tu, nimeukimbia tangu nikiwa na suruali fupi. Nikapandwa na hasira, na nilizihitaji. Kama ni darasa la kwanza, basi nipeni. Nitaketi na hao wasio na meno. Magoti yapite masikio. Nitasema a, e, i, o, u kwa sauti kuliko wote, na atakayenicheka tutaonana wakati wa mapumziko.

Nikaenda kununua daftari la mistari mipana, penseli mbili na kifutio. Mwenye duka akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi. "La kwanza," nikamwambia, "na mtoto ni mimi."

Siku hizi namtazama Kawasi na wenzake wakicheza, kila mmoja ameinamia kioo chake, na hakuna wa kumwambia mrudishe punda. Treni mpya inapita mbali juu ya tuta na haitikisi kitu. Ile saruji yetu ya Kaloleni imejengewa vibanda, sanduku lilipotea tulipohama, na Nyanya alishatuacha. Betri ya hawa ikiisha wanahangaika kutafuta chaja. Yetu iliisha kabla hatujaiokota na bado ilikuwa mfalme. Nawaonea huruma kidogo, nao wananionea huruma, tumetoshana. Lakini wasiniambie kwamba zamani imeisha na mimi nimeisha nayo. Cheti changu cha kidato cha nne, cha shule ya jioni, kimetundikwa juu ya vitunguu, na kila mteja anakisoma, atake asitake.

Alasiri ile niliponunua daftari, nikiwa nalo kwapani, nilimpigia Wakio simu. Ni mwuguzi sasa, huko Wundanyi, na kwa miaka mingi tulikuwa tukisalimiana kwenye misiba tu. Nilitaka mtu mmoja ajue.

"Jumatatu naanza darasa la kwanza," nikamwambia.

"La kwanza la nini?"

"La shule. Nilifungwa mara tatu, si unakumbuka? Ile Desemba. Basi nimekubali. Naenda."

Nikasikia akiweka kitu chini, kama kikombe. Nilingoja acheke, na hakucheka.

"Mwadime," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kurudishwa darasa la kwanza kwa sababu ya chesi. Nilitunga mimi. Ulikuwa hutaki kuinuka, na mitungi ya maji ilikuwa haijajazwa. Wewe ulimaliza la saba. Nenda uwaambie wakuandike la nane."