Mafuta Nyuma ya Jiko

Kabla sijawa fundi gesi nilikuwa na shahada ya falsafa. Tunduma haikuwa na shida ya falsafa. Ilikuwa na malori, foleni ya mpakani na watu wenye njaa, na migahawa ilipozidi kuacha mkaa na kununua mitungi, nikajisemea kwamba gesi ni kitu safi: haina masizi wala majivu, mtu anaweza kuifanyia kazi akiwa na shati jeupe. Siku ya kwanza ya mafunzo nilivaa shati jeupe. Jioni yake lilikuwa dekio.

Hakuna aliyenieleza kwamba fundi gesi hufanya kazi pale ufagio usipofika. Gesi yenyewe haina harufu. Huongezewa uvundo kwa makusudi, kama wa yai viza, ili mtu akinusa achukie na kukimbia. Nyuma ya majiko ya Tunduma uvundo huo ulikuwa na washindani: magunia ya kapenta, wale dagaa wakavu wanaovushwa kutoka Zambia, maji yaliyooshewa utumbo, panya aliyefia mahali pasipojulikana. Wenzangu walizoea. Mimi nilitapika nyuma ya banda la chipsi, na tangu hapo wakaniita Mjamzito.

Mafunzo nilimaliza, lakini bila kusajiliwa nisingeruhusiwa kufunga hata jiko la jirani. Ili nisajiliwe, mkaguzi kutoka Mbeya alitakiwa anipime kwa kazi moja, hadi jiko liwake. Alikuja kwa nadra sana. Nikifeli, ningerudi Mlowo kwa shemeji yangu, aliyekuwa akinitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye msomi wetu. Anasubiri."

Kazi ilikuwa kwenye mgahawa wa mama mmoja kando ya barabara kuu: kuunganisha jiko jipya kwenye bomba la zamani. Mkaguzi alinitazama nikikata bomba, kisha harufu ikamshinda, akahamia mbele na kuagiza supu.

"Ukimaliza kupima, niite."

Kupima si kugumu. Unapaka povu la sabuni kwenye maungio; likivimba, gesi inavuja. Nilipaka, likatulia. Ningeweza kumwita. Lakini ungio la jiko kuukuu, lililokuwa kwenye bomba hilohilo, lilikuwa limevaa mafuta ya miaka mingi, meusi, yenye mabawa ya mende, nywele, na kitu kilichofanana na jino la kitana. Povu langu lilikuwa juu ya mafuta, si juu ya chuma.

Ningependa kusema kwamba kilichonisukuma ni taaluma. Kilikuwa kinyaa. Nisingeweza kuweka saini kwamba nimekikagua kitu kile. Nikachukua kisu nikakwangua, nikipumulia mdomoni, na mafuta yakabanduka vipande vipande kama ngozi ya kenge.

Nikapaka povu tena. Likavimba kama jipu. Uvundo wa yai viza ukajaa jikoni.

"Umenitobolea bomba!" mama mwenye mgahawa akapiga kelele.

"Lilikuwa linavuja, mama. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yameziba."

"Si uliyakuta yameziba? Uliyatoa ya nini?"

Chuo kizima sikuwahi kuulizwa swali gumu namna ile.

Mpishi wake akaninyooshea kipande cha sabuni ya mche. "Kaka, kandika hii. Wenzako wote hukandika, na linawaka vizuri tu."

Mbele, dereva wa Kizambia alikuwa akigonga meza na kudai ugali wake kwa Kibemba: "Nshima ili kwi, mukwai?"

Sabuni nilikuwa nayo mkononi. Ningekandika, jiko lingewaka, mkaguzi angeona moto wa bluu, na Mlowo wangetafuta msomi mwingine wa kusubiri. Nikaitazama. Ilikuwa na unywele, na ule unywele haukuwa wa kichwani.

Nikaitupa, nikafunga mtungi na kuuburuta nje. Kisha nikamwita mkaguzi aje anifelishe.

Alikuja akichokonoa meno.

"Mzee, huyu msomi wenu kaniharibia jiko!" mama akamwahi.

Mkaguzi akainama. Akaangalia ungio, kisha rundo la mafuta sakafuni. Kijiti kikasimama mdomoni.

"Haya yametoka wapi?"

"Hapo nyuma ya jiko, mzee."

"Na supu yangu?"

"Hapo mbele yake."

Akameza mate kwa uangalifu. "Badilisha bomba lote," akasema. "Nitasubiri. Nje."

Mchana wote nililala kifudifudi kwenye sakafu iliyoninata shavuni kama gundi. Jioni povu likatulia juu ya chuma kitupu, na moto ukawaka wa bluu. Mkaguzi akasaini.

"Umefaulu. Nenda ukaoge."

Mama alikuwa amekwisha kunisamehe, maana sufuria zake zilikuwa zinachemka. Akatuletea mabakuli mawili ya supu. Mkaguzi akasema safari ya Mbeya ni ndefu, akaondoka karibu akikimbia. Mimi sikuwa na safari, na kwetu chakula ulichowekewa hukiachi mbele ya aliyekupa. Juu ya supu palikuwa na utando mzito wa mafuta. Nikausogeza pembeni kwa kijiko.

"Usiyatoe hayo, fundi," mama akasema. "Utamu wote uko hapo."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita fundi bila kucheka. Nikapumulia mdomoni, nikanywa.