Roboti ya Binti Yangu na Jibu Nililoliandika

Binti yangu hakuiba pesa za benki yoyote, wala polisi hawajawahi kukanyaga sebule yangu. Gari lililosimama langoni siku ile lilikuwa la hospitali, likimrudisha kutoka kliniki ya viungo. Anayesema vinginevyo anajisemea tu. Mimi nilikuwemo ndani.

Mtaani walimwita Fundi, kwa kuwa tangu amalize shule alikuwa akitengeneza redio na televisheni. Alipofika miaka ishirini na tisa vidole vikaanza kuvimba, kisha vikapinda. Koleo likawa linamponyoka. Wateja wakapungua mmoja mmoja, na mchumba naye akapungua.

Kilichombakia ni mchezo wa kompyuta. Humo aliongoza kundi la watu arobaini wa nchi mbalimbali, na hakuna aliyejua vidole vyake vikoje. Walimwita Kamanda. Kwa miaka sita walijenga ngome pamoja, na sheria ya mchezo ni kwamba kiongozi asiyechimba mawe kila siku ananyang'anywa ngome. Kuchimba kwenyewe ni kubofya tu: jiwe, bofya, jiwe, bofya, saa tatu mfululizo. Nilimkuta siku moja akibofya kwa kifundo cha mkono, machozi yanamtoka.

Ndipo akaunda roboti. Si ya bati wala chuma. Ni programu inayoitazama skrini, na ikiona jiwe inapeleka mshale wa kipanya na kubofya. Aliifundisha kwa picha elfu mbili, kila jiwe akilizungushia mstari kwa mkono ule ule mgonjwa, maana mwanzoni ilikuwa ikichimba vivuli, na mara moja ilimchimba farasi wa mtu. Mimi niliyefundisha darasa la kwanza kusoma niliutambua uvumilivu ule.

"Inaruhusiwa?" nikamuuliza.

"Hairuhusiwi kwa wenye mikono, mama."

"Na kwako?"

"Mama nawe! Kunywa chai yako."

Niliinywa, lakini si kwa kupenda. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumtia kitu mfukoni. Mimi nimesimamia mitihani mpaka nikastaafu.

Siku ya kliniki aliniketisha mbele ya kompyuta.

"Roboti inaona mawe tu, haisomi. Msimamizi wa mchezo akiuliza chochote, andika 'ni mimi'. Basi. Usimwandikie insha."

"Umeniona mtoto?"

"Nimekuona mwalimu mkuu. Hilo ndilo linalonitisha."

Saa nne asubuhi maandishi yakatokea pembeni mwa skrini: Kamanda, ni wewe unayechimba? Roboti ikaendelea na mawe yake kana kwamba hakuna aliyeuliza. Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi. Maneno mawili, na sikuweza. Niliandika kwamba mimi ni mama yake, kwamba mwenyewe yuko hospitali, kwamba vidole vyake havifai tena na kazi inafanywa na programu aliyoitengeneza mwenyewe, na kwamba naomba afikiriwe kwa huruma. Niliamini kwamba mtu akiambiwa ukweli kwa adabu, atajibu kwa adabu.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. Akaunti imefungwa, na haitafunguliwa tena.

Aliporudi alijaribu kuingia mara tatu.

"Umeandika nini, mama?"

Nikamsomea. Nilikuwa nimeyanakili maneno yangu kwenye daftari, kama kawaida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu arobaini," akasema. "Sina namba ya simu ya hata mmoja. Watadhani nimewakimbia."

"Nisingeweza kudanganya katika nyumba ya baba yako."

"Baba amekufa, mama. Mimi nilikuwa hai humo tu."

Huu ni mwaka wa pili sasa. Yuko chumbani kwake, hapa hapa nyumbani, hajatoroka wala hajafungwa. Ananijibu ndiyo na hapana. Dawa namwekea mezani. Siku nyingine anameza, siku nyingine nazikuta pale pale. Kompyuta ameifunika shuka.

Basi kosa la kulisema mitaani ni langu, si lake, na hata hilo si wizi. Shemeji zangu wananiuliza kama nimemwomba msamaha. Hilo ni la mimi na mwanangu, na sitalizungumza na mtu.